Dresa Aliyeandika "Anaweza"

Kila Jumatatu asubuhi, kabla jua halijashika ukali, Zakaria Mwinyimvua alivaa koti lake jeupe, akatia mfukoni kifaa cha kusikilizia moyo, akaenda kambini. Hakuwa na mwendo mrefu. Kambi ilikuwa nje kidogo ya Kibiti, mabanda manne ya boriti za mikoko yaliyozungushiwa seng'enge, na wafungwa waliolala humo walikuwa wakitengeneza barabara ya kwenda Nyamisati.

Serikali ya Mwingereza ilikuwa na utaratibu wake. Mfungwa aliyehukumiwa viboko hakupigwa hivi hivi. Ilikuwa lazima kwanza atazamwe na mtu wa dawa. Daktari alikuwa mbali na alipita mara chache kwa mwaka, basi kazi hiyo ikamwangukia dresa, msaidizi wa kufunga vidonda, ndiye Zakaria. Zakaria alimvua mtu shati, akamsikiliza moyo, akambonyeza tumbo, akamfunua macho, kisha akaandika neno moja daftarini: Anaweza. Akishaandika alisimama kando na pamba na chupa ya dawa, akangoja wamalize.

Kiboko chenyewe hakikuwa tena cha ngozi kama enzi za Mdachi. Kilikuwa henzerani iliyolowekwa maji. Lakini jina lilibaki, na wafungwa waliotoka bondeni kwenye mto, ambako mpunga huliwa na viboko kila mwaka, walikuwa na mzaha wao. Walisema: kiboko anakula shamba lako, na ukimgusa, kiboko kinakula wewe. Wakicheka, walicheka kwa chini chini, maana Sajini Bashiru, mkuu wa kambi, hakupenda kicheko asichokijua chanzo chake.

Zakaria alikuwa Mndengereko wa palepale, mtoto wa kijiji kilicho nyuma ya Kibiti. Alipokuwa na miaka saba, kidonda kilimla mguu hadi mfupa ukaonekana. Baba yake, mzee Mwinyimvua, alimbeba mgongoni siku nne mpaka hospitali ya misheni kule Uzaramo, akamwacha. Miaka ikapita. Kijana akarudi akitembea vizuri, anajua kusoma, anajua kufunga vidonda, na anaitwa Zakaria. Mzee aliupokea mguu. Jina hakulipokea mpaka anaingia kaburini. Hata hivyo jirani zake Waislamu hawakumtenga dresa wao. Mtu akiugua hakuuliza Jumapili anasali wapi.

Hakuwa mtu mgumu. Mara mbili tatu aliwahi kuandika Hawezi: kwa mzee mwenye pumu, kwa kijana aliyekuwa akikohoa damu. Kwa wale wengine alijiambia kwamba akikataa yeye, ataletwa mwingine atakayeandika bila hata kuwagusa. Alijiambia hivyo kwa miaka sita, na usingizi wake ulikuwa mzuri.

Mwaka wa tatu baada ya vita vya Hitla kwisha, akaletwa Mshamu.

Mshamu alikuwa Mmatumbi. Wazazi wake waliteremka kutoka vilimani kusini wakafungua shamba la mpunga Chumbi, ng'ambo ya mto. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyezoea jembe. Siku ile alisimama mbele ya Zakaria bila shati, mbavu zikihesabika.

"Kosa lako nini?" Zakaria alimuuliza akimgusagusa tumbo. Hakulazimika kuuliza.

"La kwanza au la pili?"

"Yote."

Mshamu akaeleza taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Msimu ule viboko walikuwa wakipanda kutoka mtoni kila siku. Yeye na mkewe Mwanamina walikesha juu ya dungu lao la kulindia shamba wakipiga debe, lakini mnyama akishazoea debe haliogopi. Alikwenda kwa Jumbe Mwinjuma kuomba aletwe askari wa wanyama mwenye bunduki. Jumbe akasema atapeleka habari. Nusu ya shamba ikaliwa. Mshamu akachimba shimo, akatega, kiboko mmoja akaingia. Jumbe mwenyewe alifika shambani, akayang'oa meno ya yule mnyama, akayafunga katika kanga, akaondoka nayo. Baadaye askari wa wanyama alipokuja kuuliza ni nani aliyeua bila cheti, Jumbe akanyoosha kidole kwa Mshamu. Meno hayakutajwa. Akafungwa miezi mitatu.

"Na la pili?"

"Niliporudi hapakuwa na shamba. Mke wangu alikuwa peke yake na mtoto mchanga, angelalaje kwenye dungu? Walikula hadi mabua. Mtoto nilikuta ameshazikwa. Basi nikavunja ghala ya mbegu ya serikali, nikachukua vikapu viwili vya mpunga. Hapo ndipo wakanipa miezi sita, na hivi viboko vinane."

Kidole cha Zakaria kilikuwa kimesimama chini ya mbavu za kushoto. Bandama ya Mshamu ilikuwa imevimba, ngumu kama kiazi. Akainua macho. "Sajini, huyu ana homa ya siku nyingi. Afadhali tungoje mwezi mmoja."

Bashiru alikuwa mlangoni, henzerani kwapani. Hakufoka. Alisema tu, "Dresa, mwezi uliopita ulisema hawezi, na mwezi wa kabla yake vilevile. Bwana Shauri wa bomani ameniuliza kama hapa nina dresa au nina mchungaji. Nimjibu nini?"

Zakaria akaiangalia kalamu. Akamfikiria Mwanawetu, mkewe, na binti zao wawili, na nyumba ile ya serikali yenye paa la bati. Kisha akaandika: Anaweza.

Mshamu alipigwa vinane. Hakulia, hakuomba, hakutaja Mungu. Wafungwa wengine waliopangwa mstari ili waone na waogope, waliona, na kweli waliogopa. Lakini Zakaria akiwatazama aliona kwamba hawakuwa wakiiogopa henzerani. Walikuwa wakimwogopa Mshamu.

Alipokuwa akimsafisha majeraha, Mshamu akamwuliza huku uso wake umelalia mkeka, "Dresa, mle daftarini umeandika nini?"

"Nimeandika unaweza."

"Naweza nini?"

Zakaria akaikamua pamba. Dawa ikamchuruzika kwenye vidole.

Tangu siku ile Mshamu alibadilika, na badiliko lake halikuwa la kelele. Alivunja kokoto kuliko wenzake wote. Hakugombana na mtu. Lakini kila alipokuja kufungwa vidonda aliuliza jambo moja, la upole tu. Nani alipeleka habari zake bomani? Karani aliyeandika anaitwa nani? Jumbe akitaka kumshitaki mtu huanzia wapi? Zakaria akamwuliza, "Unayatakia nini yote haya?" Mshamu akajibu, "Nataka kuijua njia ya jambo hili. Lilitoka kwa nani, likapita kwa nani, mpaka likanifikia mimi." Kisha akamtazama dresa machoni, bila chuki, kama mtu anayetazama mti anaokusudia kuukata kesho.

Mwezi uliofuata mchungaji alipita. Alikuwa Mzaramo wa makamo, akizunguka kwa baiskeli kuwaangalia Wakristo wachache waliotawanyika kati ya Kibiti na mto. Wakakaa uani, Mwanawetu akawaletea uji wa mchele, na Zakaria akamweleza lililokuwa likimsumbua.

"Ndugu yangu," mchungaji akasema, "serikali imepewa fimbo na Mungu ili iwazuie wabaya. Bila fimbo hiyo mimi na baiskeli yangu tusingefika hapa. Usijitwike mzigo wa hakimu."

"Simbebei hakimu mzigo, mchungaji. Nauliza fimbo ile ni ya nini."

Mchungaji akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, hakupenda kujibu kwa haraka. "Ni ya mambo matatu, nadhani. Mkosaji alipe alichokosa. Wengine waone, waogope. Na yeye mwenyewe ageuke, arudi kuwa mtu."

"La kwanza na la pili nimeyaona kwa macho yangu. La tatu hufanywa na nani?"

"Hilo ndilo letu sisi. Bwana alitufundisha kwamba anayemwendea mfungwa amemwendea yeye mwenyewe."

"Mimi nawaendea kila Jumatatu," Zakaria alisema. "Naitangulia fimbo."

Mchungaji akashusha bakuli lake chini. Mwanawetu akaja kuwauliza kama uji umeharibika. Kabla ya kupanda baiskeli yake mchungaji alimshika Zakaria mkono kwa muda mrefu. "Mtafutie kazi atakapotoka," akasema. "Mtu mwenye njaa akitoka gerezani anatoka na njaa mbili."

Zakaria akafanya hivyo. Mshamu alipofunguliwa, alimpeleka Nyamisati kwa Gulamrasul, mfanyabiashara wa boriti, Mhindi mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi ambaye Zakaria aliwahi kumtibu jipu. Gulamrasul aliisoma barua ya kambi, akaikunja, akasema, "Mimi nataka mabega, sitaki barua. Mabega iko." Mshamu akaingia mikokoni kukata na kupakia. Kwa miezi minne habari zilizokuja kutoka Nyamisati zilikuwa njema: anafanya kazi, anasali, hanywi. Zakaria akaanza kupumua.

Kisha habari za Chumbi zikamfikia Mshamu kabla hazijamfikia Zakaria. Jumbe Mwinjuma alikuwa amempa mpwa wake shamba lile, kwa kuwa halikuwa na mwenyewe. Na Mwanamina, Mshamu akiwa bado kambini, alikwenda kwa kadhi, akaeleza kwamba mumewe ni mtu wa jela, hajui atarudi lini, akapewa talaka yake, akarudi kwa ndugu zake vilimani.

Siku ya Jumamosi, adhuhuri, sauti ikabisha hodi uani kwa Zakaria. Mwanawetu akajibu karibu, akatoka, akaona mtu mrefu amesimama na kitu kirefu kimeviringishwa ndani ya gunia. Akamkaribisha kivulini, akamtengea wali na samaki, maana mgeni ni mgeni. Halafu akaingia ndani alikokuwa mumewe, akafunga mlango nyuma yake.

"Baba Tabitha, yule mtu ana panga. Limenolewa sasa hivi, gunia limechanika kwa makali."

"Nimeliona dirishani."

"Basi toka kwa mlango wa nyuma, nenda kwa Sajini."

Zakaria alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. "Nimwambie nini? Kila mwanamume hapa ana panga. Atamfunga kwa kulibeba, na Jumatatu nitaitwa nikamsikilize moyo."

"Na akiua mtu?"

Hilo lilikuwa swali lenyewe. Miaka mingi baadaye bado alikuwa hajui kama alifanya vema. Alivaa viatu, akatoka, akaketi mbele ya mgeni wake.

"Unakwenda Chumbi," akasema.

"Nakwenda Chumbi. Nimepita kwako kwanza kwa sababu ulinitafutia kazi. Sikutaka uje uulizwe, ushangae."

"Mshamu, ile siku niliona kwamba bandama yako imevimba. Nilijua hufai kupigwa. Nikaandika unaweza kwa kuogopa kunyang'anywa nyumba hii. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Mshamu aliacha kutafuna. Akameza. "Wewe nilikwisha kukuacha," akasema. "Ulikuwa wa mwisho kwenye njia. Mimi namtaka wa kwanza."

"Basi tutakwenda wote."

"Usinifuate, dresa."

"Sikufuati. Natembea."

Wakatembea, siku ile na siku ya pili. Zakaria alimweleza habari za baba yake aliyembeba mgongoni, habari za Bwana wake aliyeuawa katikati ya wahalifu wawili na akamwahidi mmoja wao pepo. Mshamu alisikiliza kwa adabu. Walipolala Ikwiriri kwa jamaa wa Zakaria, aliswali, akala, akalala kama mtoto. Ni Zakaria aliyekaa macho. Kivukoni maji yalikuwa mengi, rangi ya udongo, na pua za viboko zilionekana zikipumua juu ya maji, mbali kidogo na mtumbwi. Mwenye mtumbwi aliliangalia lile gunia, akamwangalia Mshamu, akapiga kasia hadi ng'ambo. Njia nzima ya Chumbi watu waliomtambua Mshamu waliitikia salamu yake kisha wakaingia majumbani.

Alasiri wakamkuta Jumbe Mwinjuma barazani kwake ananyolewa. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari, nusu ina povu. Kinyozi alipoliona gunia linafunguliwa aliruka ukuta, wembe mkononi.

"Mshamu!" Jumbe akasema, akijaribu kutabasamu. "Umetoka salama? Karibu."

"Meno ya yule kiboko yako wapi?"

"Meno gani?"

Labda angesema neno jingine. Labda angesema tu, niliyachukua, nisamehe. Zakaria aliliwaza hilo maisha yake yote. Lakini Jumbe alirudia, "Meno gani, bwana?" na panga likapanda. Zakaria hakukumbuka kuamua. Aliona mkono wake wa kulia umekwenda mbele, akasikia pigo, wala hakusikia maumivu. Alipotazama, vidole viwili havikuwapo.

Jumbe alikimbilia ndani akakomea mlango. Mshamu alisimama na panga lake, kama mtu aliyeamshwa ghafla. Kisha akalitupa chini.

"Vua shati," Zakaria alimwambia, akikaa chini. "Chana ukanda. Funga hapa, juu ya kiwiko. Kaza. Zaidi. Sasa uinue mkono wangu juu, usiuache."

Mshamu akafanya kila alichoambiwa. Watu walipokuja na marungu walimkuta amepiga magoti, ameushikilia mkono wa dresa juu kwa mikono yake miwili. Wakampiga hivyo hivyo, naye hakuuachia mpaka alipoanguka.

Kesi ikasikilizwa Dar es Salaam. Zakaria alisimama kizimbani mwa mashahidi, mkono umefungwa, akasema kweli yote: panga, safari, maneno. Hakimu wa Kizungu alimwuliza kwa nini hakuwapa polisi habari. Zakaria akajibu kwamba alimwogopea mtu yule kuliko alivyomwogopa. Watu wakanong'ona. Mshamu naye alipoulizwa alisema habari za meno; Jumbe Mwinjuma akaapa hajapata kuyaona, na jambo hilo likaishia hapo.

"Bwana Hakimu," Zakaria akasema kabla hajashuka, "aliyekatwa ni mimi. Nimemsamehe. Naomba asipigwe."

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akamweleza kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba kosa lile si mali ya Zakaria kulisamehe. Limetendwa dhidi ya Mfalme na amani yake. Majumbe wa Mfalme wasipolindwa, nchi haikaliki. Na wengine lazima waone.

"Na yeye mwenyewe, Bwana, atapata nini?"

"Gerezani atajifunza ufundi," hakimu akasema, na akavaa miwani. Miaka saba, na viboko kumi na viwili.

Zakaria hakurudi kambini. Dresa asiyeweza kushika mkasi hana kazi. Nyumba ya bati ikachukuliwa na dresa mwingine, kijana mwenye mwandiko mzuri, na familia ikahamia kwenye shamba la marehemu mzee Mwinyimvua, kulima mihogo na korosho. Mwanawetu hakumlaumu mbele za watu. Nyumbani alimwambia mara moja tu, "Ulimwokoa Jumbe, na Jumbe hajakuletea hata salamu." Ilikuwa kweli. Mchungaji aliendelea kupita kwa baiskeli yake, lakini hakuzungumza tena habari za fimbo. Alikuwa akija na sabuni na kofia mpya ya kitambaa, akisema, "Mpelekee mtu wetu," akaondoka.

Kila baada ya miezi miwili mitatu Zakaria alidandia lori la boriti hadi Dar es Salaam, akajiandikisha kwenye lango la gereza kubwa. Mara ya kwanza Mshamu alikaa ng'ambo ya wavu hakusema lolote mpaka muda ukaisha. Mara ya pili hivyo hivyo. Alikuwa amenenepa kidogo, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya gundi ya useremala. Mara ya tatu aliuliza kama mvua zimenyesha bondeni. Zakaria akamwambia zimenyesha, mto umepanda vizuri, watu wamekwisha kusia. Mshamu akataka kujua ni mbegu gani. Wakazungumza habari za mpunga kwa muda mrefu, na Zakaria aliona uso ukifunguka, akaanza kudhani kwamba lile jambo la tatu alilolitaja mchungaji huenda linaanza hapa, kwenye wavu huu.

Askari akagonga mlango kuonyesha muda umekwisha. Mshamu akainuka. Alikuwa amekwisha kugeuka, kisha akarudi hatua moja.

"Na Mwinjuma?" akauliza. "Bado mzima?"

"Mzima. Ana afya njema."

"Vizuri," Mshamu akasema.

Alilisema kwa upole, kama mtu aliyesikia kwamba ng'ombe wake hajaibwa. Zakaria alikaa juu ya lori tupu njia nzima, vumbi likimwingia kinywani, akilipima neno lile: kama lilikuwa la mtu aliyegeuka, au la mtu anayengoja. Hakuamua. Alishukia Kibiti, akamweleza Mwanawetu kwamba Mshamu hajambo, na ilipofika miezi mitatu akaenda tena.